Usukani Usifunguliwe

Skrambla yangu, pikipiki ndefu ya njia mbaya, niliinunua Ishiara, kwa mama mzee aliyekuwa amefiwa na mwanawe, na nilijua ilikuwa ya nani kabla sijaenda kuitazama. Kwetu Kanyakine watu walinishauri nitafute nyingine. Kitu cha marehemu, walisema, hakiji peke yake. Niliwasikiliza kwa heshima, kisha nikaenda, kwa sababu nilikuwa nimechoka kusukuma.

Kazi yangu ni kupandikiza miche. Huku juu kwetu ni parachichi na makadamia. Kule chini Mbeere ni miembe. Asubuhi, kabla jua halijakipata, nakata kikonyo, yaani kitawi kichanga cha mwembe mtamu, nakifunga kwenye gunia bichi, kisha nakipeleka kwa mkulima mwenye miche ya kienyeji iliyoota kutoka kwa kokwa. Huko navikutanisha viwili viwe mti mmoja. Kikonyo hakingoji mtu. Kikikauka njiani, umebeba kuni. Pikipiki niliyokuwa nayo mwanzoni ilikuwa ndogo, ya aina inayotumiwa na watu wa boda. Kwenye lami haikuwa na shida, lakini nikiiacha lami na kuingia zile njia za mchanga za Ishiara, gurudumu lilizama, nami nikashuka na kuisukuma, jua utosini, gunia likikauka nyuma yangu.

Niliingia kazi hii nikiwa msichana. Niliacha shule kidato cha pili, mama alipomfuata baba kaburini, nikabaki na ndugu mmoja anayenifuata na wasichana wawili wadogo. Kulikuwa na kitalu cha miche karibu na kwetu. Nikaenda kujaza udongo kwenye mifuko, na baada ya muda nikapewa kisu. Mpaka leo wale wawili wanasoma kwa kisu hicho.

Watu hudhani kupandikiza ni kazi ya macho. Ni kazi ya vidole. Ukishakata mshazari kwenye mche na kwenye kikonyo, chini ya gamba kuna utando mwembamba wa kijani unaoteleza, na ni lazima utando wa huyu ulale juu ya utando wa yule. Jicho halioni kama wamelingana. Kidole gumba cha mkono wa kushoto ndicho kinachojua. Kinapita pale walipokutana, na kama kuna ukingo, hata mwembamba kama unywele, kinausikia. Nikipoteza kidole hicho, sina kazi nyingine.

Basi nilifika kwa yule mama mzee mchana, siku ya jua kali. Boma lilikuwa kimya. Mizinga ya magogo ilining'inia kwenye migunga nje ya ua, kwa maana mwanawe alikuwa mfuga nyuki. Pikipiki ilikuwa imeegemezwa ukutani chini ya paa la ghala, ndefu, matope ya mvua zilizopita yamekauka kwenye magurudumu yenye meno. Mama mzee alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu.

"Wewe ndiye mwanamke wa miti?"

"Ni mimi, cucu," nikasema, nikimwita bibi kwa lugha ya kwao.

"Hiyo miguu itafika chini?"

"Haifiki yote, cucu. Nitasimama na mmoja."

"Kama korongo," akasema, akacheka mpaka akashika mlango.

Tulipatana bila maneno mengi. Kisha akaniambia niiwashe nisikie. Nilipiga kiki, ikashika, na hapo jambo la kwanza likatokea. Mbwa mzee aliyekuwa amelala kivulini aliinuka, akatembea polepole mpaka kwenye jiwe bapa mlangoni mwa ua, akaketi akitazama barabara. Hakunitazama mimi niliyekuwa juu ya pikipiki. Alitazama huko pikipiki ilikokuwa ikitokea kila jioni. Mama mzee naye alikuwa ameingia ndani, na alipotoka alikuwa na kikombe cha maji. Alisimama nacho katikati ya ua kama mtu aliyesahau alichotumwa, kisha akanipa mimi.

"Mkono umekwenda wenyewe," akasema.

Nilikunywa. Yalikuwa maji baridi, na sijui kwa nini nilitamani kuyatema.

Nilipokuwa nafunga gunia langu nyuma, alikuja karibu, akaweka kiganja juu ya usukani.

"Kuna neno. Mwenyewe alipokuwa anakwenda, alisema usukani wa pikipiki usifunguliwe. Alilisema jioni, na usiku akaenda."

"Kwa nini, cucu?"

"Neno la anayekufa haliongezwi chumvi, mwari. Nimekupa kama lilivyotoka."

Huko Mbeere, na hata kwetu Meru kwa wazee, neno la mwisho la mtu si la mchezo. Akikataza shamba lisiuzwe, haliuzwi, na anayelivunja hujilaumu mwenyewe mambo yakimgeukia. Mimi ni mtu wa kanisa. Niliitikia kwa kichwa kwa adabu, nikaondoka, na kabla sijafika mtoni Thuci nilikuwa nalicheka.

Kicheko hakikufika mbali. Ile pikipiki ilitetemeka. Injini ya silinda moja kubwa ni kama kinu chenye mtwangaji mmoja: wakiwa wawili hupokezana michi na kinu kikatulia, lakini akiwa mmoja kila pigo linaingia ardhini. Mapigo hayo niliyasikia kwenye nyayo, kwenye makalio, kwenye meno. Mikononi yalifika yamechoka, kama kitu kilichofungwa kwenye blanketi, lakini hilo sikulizingatia. Nilichozingatia ni sauti. Kuna mwendo mmoja, si wa kasi wala wa polepole, ambapo mtetemo wote ulijikusanya ukawa mvumo wa chini, kama mzinga unaosikika kutoka upande wa pili wa ukuta. Ukiongeza mafuta, unakoma. Ukipunguza, unakoma. Ukirudi kwenye mwendo ule, nyuki wapo. Nilijikuta nasema "wapo" kwa sauti, peke yangu barabarani.

Nilipofika nyumbani na kufungua gunia, vikonyo kadhaa vilikuwa vimepoteza macho, yale machipukizi madogo, kwa kusuguana njia nzima. Kwa hiyo wiki hiyohiyo nilipanda hadi Meru mjini, kwa fundi wangu wa Makutano.

Fundi huyo ni Mwislamu mmoja mtu mzima, mwenye kofia ambayo haijawahi kuchafuka, na sijui anafanyaje katikati ya oili yote ile. Karakana yake imepakana na bucha, na mwenye bucha hana kazi asubuhi zaidi ya kutoa maoni.

"Sista, hii umeinunua ama umetumwa?" fundi akauliza.

"Nimeinunua."

"Na ngazi pia umenunua?"

"Ngazi ni ya wanaume wafupi," nikamwambia, na mwenye bucha akapiga meza kwa furaha.

Fundi aliifanyia kazi vizuri. Aliiwasha, akaiacha ipate moto, akapitisha kiganja kwenye kila boliti inayoshika injini kwenye fremu, akaonyesha zile zilizolegea. Injini ilikuwa inacheza kama jino bovu. Akazikaza zikiwa bado na joto. Akatoa gurudumu la nyuma na kuonyesha raba za kwenye kitovu zilizoliwa zikabaki makombo, akaweka nyingine. Cheni ilikuwa imebanwa mno, akailegeza. Akabadilisha sproketi ya mbele, lile gurudumu dogo la meno linalovuta cheni, akaweka yenye jino moja zaidi, ili injini isilie sana nikiwa kwenye lami. Akakata vipande vya tyubu kuukuu akavifunga chini ya vikanyagio na chini ya kiti. Kila alipomaliza kitu alinituma nizunguke mpaka stendi ya malori na kurudi, na kila niliporudi miguu yangu ilikuwa imetulia zaidi.

Kisha akashika usukani, akauinua kidogo, akakunja uso.

"Huu ni mzito. Una kitu ndani."

"Uache huo," nikasema huku nikicheka. "Tumeambiwa usifunguliwe."

"Na nani?"

"Na mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Amekufa."

Fundi aliweka spana chini. Sikukosea kusema ukweli, lakini baadaye nilifikiri kwamba kama ningesema sijui, angeachana nao, na mambo yote yaliyofuata yasingefuata. Mwenye bucha alikuwa ameshatoka na kisu chake mkononi.

"Fungua, fundi! Kama ni dawa ya mapenzi nigawie, mama watoto amenuna wiki nzima."

Fundi akachomoa mpira wa kushikia upande wa kushoto. Ndani ya bomba palikuwa pameziba kwa kitu cheusi, kigumu. Akakichokonoa kwa waya. Kilitoka kama kidole: nta nyeusi iliyochanganywa na mchanga, na ndani ya nta, ikiishona huku na huku, kulikuwa na nywele. Ndefu. Nyingine nyeusi, nyingi nyeupe.

"Audhu billahi," akasema fundi, akakiachia kikaanguka.

Mwenye bucha hakuwa na mzaha tena. Alirudi nyuma hatua na kusema kule chini Mbeere watu hufunga vitu, kila mtu anajua, na kwamba yeye angekuwa mimi angeiacha pikipiki hapohapo aende nyumbani kwa miguu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kukemea kwa jina la Yesu, kimoyomoyo. Sisi watu wa dini tuna haraka yetu: kitu tusichokijua tunakichoma kwanza, maswali baadaye. Fundi wa msikiti wake na mimi wa kanisa langu, siku hiyo hatukuwa na la kubishania. Tulichokonoa bomba lote mpaka likatoa mwangwi, tukamwaga petroli kidogo, tukawasha.

Nta iliungua kwa muda mrefu. Harufu yake ilikuwa tamu, kisha ikaja harufu ya nywele. Na moto ulipozimika, wakaja nyuki. Hapo ni Makutano, penye malori na moshi na vumbi, sijawahi kuona nyuki hapo kabla wala baada. Hawakuwa wengi. Hawakumsumbua mtu. Walitua kwenye midomo miwili ya usukani iliyokuwa wazi, wakaingia ndani na kutoka, wakaingia na kutoka, kama watu wanaokagua nyumba iliyohamwa. Fundi aliwangoja waondoke, akarudisha mipira, akasema, "Dada, nenda. Leo sitaki hata asante."

Kutoka siku hiyo miguu yangu ilistarehe na mikono yangu ikaanza kufa.

Haikuwa mara moja. Mwanzoni ulikuwa mwasho wa kawaida, kama wa mtu aliyelalia mkono, na nikishuka ulikuwa unaisha kabla sijafungua gunia. Kisha ukawa hauishi mpaka jioni. Nikavaa glavu mbili mbili. Nikafunga matambara kwenye mipira ya kushikia. Usukani ulipokuwa umejaa ulikuwa kama mlango wa mti. Sasa ulikuwa kama kengele, na mkono wangu ndio uliokuwa ukigongwa. Mvumo ule wa chini ulikuwa umepotea. Badala yake, kwenye mwendo uleule, kulikuwa na mlio mwembamba uliotoka kwenye bomba, na vioo, ambavyo vimefungwa kwenye usukani, vilitetemeka hivi kwamba barabara nyuma yangu ilikuwa maziwa yanayochemka. Kwenye maziwa hayo kulikuwa na mtu. Alikaa nyuma yangu, mabega mapana, kichwa hakina uso. Najua lilikuwa gunia la vikonyo. Nilisimama mara nyingi kwenye mteremko ule wa kutoka Chuka, jua likiwaka, hakuna gari, nikageuka na kuthibitisha kwamba ni gunia. Nikiondoka, bega moja lilishuka, kama mtu anayetafuta mahali pazuri pa kushika.

Mkulima niliyekuwa namfanyia kazi karibu na Ishiara alikuwa na vitalu vingi msimu huo, na ndivyo vilivyokuwa vinatulisha. Nilirudi kukagua nilichopandikiza nikakuta safu nzima imekuwa ya kahawia. Vikonyo vilikuwa vimesimama vimekauka, kama njiti za kiberiti. Mkulima alivunja kimoja, akanionyesha pale walipokutana. Palikuwa na ukingo ambao hata mtoto angeuona.

"Mkono wako umebadilika, mama," akasema kwa upole, na upole ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Nitakupa kitalu kimoja tena. Nacho kikifa, utanisamehe, kuna kijana wa Siakago anaulizia kazi."

Ndugu yangu ndiye aliyesema kilichokuwa kinaendelea. Tulikuwa jikoni, tukingoja githeri, mahindi na maharagwe, ilainike.

"Dada, mbona unashika kikombe kwa mikono miwili? Uko Meza ya Bwana?"

"Nina baridi."

"Baridi, na uko karibu na moto hivyo? Hebu lete mkono."

Alitoka nje akarudi na mwiba wa mlimau. Akashika mkono wangu wa kushoto, akauweka juu ya goti lake.

"Funga macho. Nikikudunga, sema."

Nilifunga macho. Nilisikia moto ukilia, nikasikia mbuzi wa jirani, nikangoja. Nilidhani ananichezea, kama alivyozoea kunichezea tangu utoto.

"Anza basi," nikasema.

"Nimemaliza."

Nilifumbua macho. Kulikuwa na vitone vya damu kwenye gumba, na kwenye kidole cha shahada, na kwenye kile kinachofuata. Ndugu yangu alikuwa bado ameshika mwiba, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Sikusikia maumivu. Nilitazama ile damu kama ya mtu mwingine aliyesahau mkono wake kwangu.

"Uza hiyo kitu," akasema.

"Nikiuza nitaenda Ishiara na nini?"

"Sijui. Lakini iuze."

"Aliyeniuzia aliniambia jambo na sikulisikia," nikamwambia. "Nitarudi kwanza kwake."

Nilienda keshoye. Nilifika mchana kama mara ya kwanza, na nilizima injini mlangoni mwa ua. Mbwa alikuwa kivulini. Hakuinuka. Alifumbua jicho moja, akalifumba. Mama mzee hakutoka na maji. Nilibisha hodi mpaka mara ya tatu ndipo aliponijibu kutoka ndani, na alipotoka alisimama akinitazama kama mgeni.

"Ni wewe? Sikukujua. Nilisikia mtu anakuja, nikasema huyu ni mtu wa mbali." Akatazama pikipiki. "Mmeufungua."

"Tumeufungua, cucu."

"Mkakitupa."

"Tulikichoma."

Hakukasirika. Aliketi kwenye kigoda akanyoosha mkono, nami nikampa wangu. Aliubonyeza kidole kwa kidole, kama mtu anayechagua maharagwe, huku akinitazama usoni aone nitashtuka wapi. Sikushtuka popote.

"Kwake ilianza hivi," akasema. "Alikuwa anapeleka asali Embu mjini kwa hii pikipiki, anarudi, anaingia kwenye mizinga. Siku moja alirudi jioni mikono imevimba kama mikate. Nyuki walikuwa wamemuuma mikono yote miwili. Akaniambia, 'Mama, sikujua. Nimeona tu wamekwama kwenye ngozi.' Mfuga nyuki asiyesikia nyuki, mwari, huyo ni maiti anayetembea. Basi tukaketi hapa, mimi na yeye, tukajaza."

"Kwa nini hukuniambia, cucu? Ungesema tu kwamba ni ya kutuliza mtetemo."

"Yeye hakusema hivyo. Alisema usifunguliwe." Akaachia mkono wangu. "Ningeongeza langu, lingekuwa neno langu. Langu lina nguvu gani?"

Alikuwa amelinda neno la mwanawe lisichanganyike na la mtu mwingine hata kwa wema, nami nilikuwa nimelifanya kichekesho cha Makutano. Nilimuuliza kama tunaweza kujaza tena.

Akaniambia nikachukue mchanga mtoni, wa chini ya maji, usio na udongo. Niliuleta, nikauanika kwenye bati, nikauchekecha. Akatoa donge la nta nyeusi kutoka kwenye kibuyu ghalani, la mwisho alilokuwa ameacha mwanawe, akaliweka kwenye sufuria juu ya mafiga matatu. Nami nikaufungua usukani kwa spana, nikautoa kwenye pikipiki, nikauzibia upande mmoja kwa kipande cha mti, nikausimamisha kivulini. Nta ilipoyeyuka nyuki walikuja kutoka kwenye migunga. Walitembea juu ya mikono yangu. Niliwaona tu; sikusikia miguu yao.

"Jua la hapa litaiyeyusha," nikasema. "Itamwagika yote."

"Nta peke yake itamwagika. Mchanga unaizuia. Na kuna cha kuishona."

"Manyoya ya mbuzi?"

Mbuzi wake walikuwa pale uani, wenye manyoya mafupi kama brashi. Nilikumbuka zile nywele tulizochoma, zilivyokuwa ndefu. Mama mzee aliingia ndani. Nilisikia mkasi. Alipotoka, kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimefungwa upya, kwa kukazwa, na kiganjani alikuwa na fundo la nywele za mvi.

Nilijua ni zake, na nilijua zile za kwanza pia zilikuwa zake, za miaka ile zikiwa bado na weusi. Sikuuliza kama zilikuwa za kushona nta tu. Sikuomba kwa sauti wala sikukemea. Alizikata vipande, akazinyunyiza ndani ya sufuria, akakoroga kwa kijiti, na tukaanza kujaza bomba, yeye akimimina, mimi nikishindilia kwa fimbo, tabaka juu ya tabaka. Mama yangu alinisuka mara ya mwisho nikiwa kidato cha kwanza, na tangu hapo hakuna mtu mzima aliyenikatia wala kunipa unywele wake kwa ajili ya chochote. Nilishindilia kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Tulipomaliza, usukani ulikuwa mzito tena. Niliurudisha, nikakaza, nikapiga kiki. Sikumtazama mbwa.

Njia nzima ya kurudi mvumo ulikuwepo, ule wa chini, wa upande wa pili wa ukuta. Nilipofika mteremko wa Chuka niliangalia kioo. Kilikuwa kimetulia. Niliona lami, niliona miti ya kando, niliona gunia langu, ni gunia tu. Ningefurahi. Lakini kwa wiki nyingi nilikuwa nimezoea kuona mtu pale, na kuona hayupo kulinifanya nijiulize yuko wapi sasa; na nilishika usukani kwa wepesi, kama unavyoshika mkono wa mtu aliyelala.

Mikono haikurudi siku hiyo wala wiki hiyo. Ndugu yangu alinidunga kila jioni kwa mwiba, akawa anakunja uso kabla yangu. Nilimwambia mkulima anisubiri. Alisubiri mpaka magamba ya miche yalipokuwa karibu kukaza na msimu kufunga, akanipigia simu: aje yule kijana au nije mimi? Nikasema nakuja mimi.

Kilikuwa kitalu kimoja, chini ya wavu wa kivuli. Mkulima alisimama mwanzoni, kisha akaona aibu kunisimamia, akaenda kukagua mifereji. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilikata mche wa kwanza kwa kufuata jicho, nikapanga kikonyo, nikapitisha gumba la kushoto. Hakuna kitu. Ilikuwa kama kupapasa kupitia ukuta. Nikavunja, nikakata upya. Hakuna kitu. Nilikuwa nimebakiza vikonyo vya kutosha kitalu hicho tu, na kila nilichovunja kilikuwa mti ambao hautakuwepo. Nilikata wa tatu kwa kina zaidi kuliko ninavyopenda, na utomvu ukatoka, ule wa mwembe, mweupe kwanza kisha wazi kama machozi, ukaniteremkia kwenye gumba na kuingia kwenye vidonda vidogo vya mwiba.

Utomvu wa mwembe huunguza. Kila mpandikizaji hubeba kitambaa cha kuupangusa, na anayeanza kazi hulia nao wiki ya kwanza. Nilishika kitambaa kwa mazoea, kisha nikakiacha.

Ulikuwa unawasha. Mbali sana, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto, lakini ulikuwa unawasha, na ulikuwa unakuja karibu. Nilikaa kwenye ndoo na mkono umenyooshwa mbele yangu, nikauacha uungue. Ulipofika vizuri, mpaka machozi yakanitoka, nilipangusa, nikachukua kikonyo kingine, nikakata, nikakilaza juu ya mche, nikapitisha gumba. Kulikuwa na ukingo. Mwembamba. Nikakisogeza kidogo kushoto, ukapotea. Nikafunga.

Mkulima alirudi kutoka kwenye mifereji akaniona uso.

"Mama, vipi? Unalia?"

"Ni utomvu," nikamwambia. "Niletee miche mingine."